Kabla ya Kuhesabu Wahojiwa, Tazama Nani Hayumo kwenye Orodha

Nilipokuwa naandaa utafiti wangu wa shahada ya umahiri kuhusu vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vya mama lishe jijini Dar es Salaam, kilichonikosesha usingizi ni ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhoji. Nilichukua fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi hiyo kutokana na jumla ya walengwa, ambayo wanafunzi wengi wa sayansi za jamii huibandika katika sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu za utafiti, kama hirizi, nikaweka kiwango cha makosa cha asilimia 5, na wanachama 600 wakanipa wahojiwa 240. Majina niliyapata kwa kura kutoka katika madaftari ya vikundi, nikaamini kazi ngumu imekwisha.

Nikiwa nimejaza zaidi ya nusu ya madodoso, mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele aliniuliza, "Mwanangu, na yule aliyechukuliwa masufuria kwa deni la kikoba utamhoji lini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu jina la mwanamke huyo lilikuwa limekwisha kufutwa daftarini. Nilikuwa nikiuliza kama vikoba vinainua kipato, huku orodha yangu ikiwa na wale tu waliofaulu kubaki. Kura hata ingepigwa kwa haki namna gani, isingeweza kumtoa mtu ambaye hayumo.

Kosa hili limewahi kuwapata wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, kisha likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka katika vitabu vya simu na kumbukumbu za wenye magari, na hiyo ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi, ambapo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Isitoshe, waliojitaabisha kurudisha kadi hawakuwa na mawazo sawa na walionyamaza.

Kwa hiyo ninamshauri anayeanza aandike kwanza swali lake la utafiti kwa sentensi moja, kisha aikague orodha atakayochagulia wahojiwa: nani aliitengeneza, lini, na nani hutolewa humo. Fomula ije baadaye. Mimi nililazimika kumwomba kila mhojiwa anielekeze kwa mtu aliyejitoa, njia iitwayo sampuli ya mnyororo. Njia hii haikupi ruhusa ya kutangaza asilimia, kwa kuwa watu hawakupatikana kinasibu, lakini inafaa sana kwa usaili wa kina, na ni katika usaili huo nilipoelewa jinsi mkopo wa mtaji unavyoliwa na ada ya shule au msiba.

Neno "kipato" nalo lilinisumbua. Dodoso liliuliza kipato cha mwezi, ilhali mama lishe anahesabu kwa siku, na wengine walinitajia mauzo, wengine faida, wengine kile kinachobaki baada ya kununua mkaa na unga wa kesho. Hayo yangeonekana mapema kama ningelijaribu dodoso kwa watu 10 kabla ya kuchapisha nakala zote. (Nakala zile bado ninazo, watoto wanachorea nyuma yake.)

Vibali na ridhaa ya mhojiwa havina mjadala. Ninaongeza tu kwamba kiongozi wa mtaa akishakutambulisha, mwombe kwa adabu akuache, kwa maana mbele yake hakuna atakayekiri kuwa anadaiwa.

Mwishoni kichwa cha utafiti kilibadilika kutoka "Mchango wa Vikoba katika Kuinua Kipato cha Mama Lishe" kikawa "Hali ya Kipato cha Mama Lishe Waliobaki katika Vikoba na Simulizi za Waliojitoa". Msimamizi wangu alilalamika kwamba kimekuwa kirefu na kimepoteza mvuto, lakini alisaini.