Mtoto alilia kiwanjani skukuu nzima, nimpeleke tena?

SUALI: Asalaamu alaykum Bibi. Nina mtoto wa kiume, katimiza miaka mitatu. Idi iliyopita tulimpeleka Kariakoo, kile kiwanja cha michezo ya watoto hapa Unguja, usiku wa Idi mosi, kavaa kanzu yake mpya na mkono wa Idi mfukoni. Tulipoingia getini tu alinikumbatia shingo, akalia mpaka tukarudi nyumbani. Baba yake alikasirika, maana tiketi alikwishakata. Mkwe wangu anasema mtoto muoga, abaki nyumbani mpaka akue. Mimi natamani twende sote watatu. Nifanyeje?
Mama wa Fuoni

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Mpeleke. Lakini usimpeleke usiku, na usimpeleke Idi mosi.

Nimesomesha skuli ya maandalizi mpaka nikastaafu. Kila skuli ikifunguliwa baada ya skukuu, watoto wa umri huo walinihadithia matembezi yao, na aghalabu hawakuanza na treni wala pembea. Walianza na mbuzi waliyemuona njiani, au muuza mapulizo, au kwamba baba aliwabeba begani. Hayo ndiyo yaliyowaingia moyoni. Sisi wazazi ndio tunaohesabu tiketi.

Sasa hebu mfikirie mwanao usiku ule. Kimo chake hakijapita kiuno chako, kwa hiyo katika msongamano wa Idi mosi anaona mabuibui na magoti ya watu. Juu yake kuna spika, taa zinazozunguka, watoto wakubwa wanaopiga kelele kwenye pembea. Tena ameamshwa alfajiri kwa takbira, akazungushwa nyumba hadi nyumba kupeana mikono, na sidhani kama mchana alilala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Mtoto aliyechoka hivyo akilia, analia haki yake. Na kuogopa makelele katika umri huo ni jambo la kawaida, kwa hiyo nakuomba sana neno "muoga" asilisikie tena, hata kwa utani.

Skukuu yetu ni siku nne, alhamdulillahi. Nenda Idi tatu au Idi nne. Mlishe nyumbani, mlaze baada ya adhuhuri, mtoke mkishasali alasiri. Mkifika saa kumi na nusu mna muda wa kutosha, maana magharibi kwetu huingia karibu na saa kumi na mbili na nusu, na wakati huo nataka muwe mnatoka. Wengi ndio kwanza watakuwa wanaingia. Daladala za kurudi Fuoni pia mtapata bila ya kugombania, na hamtajaribiwa kumpakata mtoto kwenye bodaboda usiku.

Mkishaingia, msikate tiketi kwanza. Simameni kwenye uzio wa mchezo mmoja, ule wa chini unaokwenda polepole, mumuache atazame wenzake wanavyopanda na wanavyoshuka. Wewe mtazame mikono. Ikiwa bado imekukamata buibui, nyamaza, usimwambie "huoni wenzako?". Atakapoiachia akaanza kunyoosha kidole, akataja rangi ya gari au farasi anayemtaka, hapo ndipo baba yake akate tiketi, na mmoja wenu apande naye ikiwa wanaruhusu. Akishuka akasema "tena", apande hicho hicho. Hata akikirejea mara tatu, msimburure kwenye kingine kwa kuwa nyinyi mmechoka nacho.

Kanzu iacheni nyumbani siku hiyo. Humkwaza kwenye vidato na inaweza kunasa. Suruali na fulana zinatosha. Viatu vipya navyo avivae siku mbili tatu ndani kabla ya skukuu, kwani nimeona watoto wengi wakilia kiwanjani kumbe kisigino kimechubuka.

Kwenye chakula nitakuwa mkali. Ubuyu na njugu asipewe, wala pipi ngumu, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka minne hupaliwa kirahisi, na kokwa ya ubuyu inateleza kooni kabla hujageuka. Pulizo likipasuka, okoteni vipande vyote hapo hapo. Aiskrimu ale, akijichafua ajichafue.

Kabla ya kutoka nyumbani mpigeni picha na nguo alizovaa, kwa kuwa skukuu watoto wengi hufanana, na muandikieni nambari ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Mkubaliane pia nani anamshika. Watoto hupotea pale mama anapodhani yuko na baba, na baba anadhani yuko na mama.

Akikataa kabisa Kariakoo, tokeni bila ya ugomvi mwende Forodhani. Pale hakuna tiketi. Atakaa kwenye ukuta katikati yenu, anywe maji ya miwa, awatazame vijana wanavyojirusha baharini, na hiyo ni skukuu kamili. Wasomaji wangu wa Chake Chake wanaokwenda kiwanja cha watoto cha Tibirinzi, haya yanawahusu pia.

Mkwe wako usibishane naye. Mualike aje nanyi hiyo alasiri, amshike mjukuu wake mkono mmoja. Na mumeo kama ana hamu ya Kariakoo ya usiku, nendeni nyinyi wawili usiku mwengine, mtoto alale kwa bibi yake.