Maswali ya Wasomaji: Juni haina kitabu

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Mkomani, Lamu, na riziki yangu ni kushona kofia. Januari 2025 nilinunua daftari, nikaazimia kwamba kila mwezi unapomalizika nitaandika majina ya vitabu nilivyosoma na idadi ya kurasa, kisha nibandike kando yake kipande cha uzi wa kofia niliyokuwa nikiishona mwezi ule. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Sasa natakiwa niwasomee wenzangu, maana tuko wanawake saba tunaokutana kila baada ya wiki mbili kusoma pamoja, na tumekubaliana kwamba kila mmoja atoe hesabu ya mwaka wake.

Nimelifungua daftari nikafadhaika. Vitabu ni kumi na vinne, na vitano kati yake sikuvimaliza. Mei nilisoma vitatu. Julai nilisoma kimoja tu, Sauti ya Dhiki, nilichokiazima katika maktaba ya Ngomeni na kukirudisha nimechelewa. Machi ilikuwa Ramadhani, sikusoma ila Qur'ani. Septemba sikushika kitabu chochote. Jioni nilikaa na bibi yangu mzaa mama akinighania Utendi wa Mwana Kupona kwa moyo mpaka tukaumaliza. Novemba nilisoma Al-Inkishafi. Kitabu kimoja chembamba, Nagona, nimekianza mara tatu, Februari, Agosti na Desemba, na mara zote kimenishinda. Juni mama alikuwa mgonjwa, tukawa tunavuka Mokowe, upande wa bara, kwenda na kurudi hospitali, na ukurasa wa mwezi huo hauna kitabu wala uzi.

Vitabu vyangu vyenyewe nimeviweka katika zidaka, yaani vishubaka vya ukuta wa nyumba yetu ya kale, nimevifunga kwa leso kwa sababu ya hewa ya chumvi na wadudu. Ni vichache. Binamu yangu aliyeko Mombasa anasema mwaka huo huo amesoma vitabu hamsini na viwili.

Naomba unifahamishe: vitabu nisivyovimaliza nivihesabu? Septemba niiandikeje? Na Juni niifanye nini?

Msomaji wa Mkomani, Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kwanza pole kwa maradhi ya mama. Mwenyezi Mungu amjaalie afya.

Nitaanza na Septemba, kwa sababu ni mwezi uliouandika kwa haya, nami katika barua yako nzima ndio mwezi nilioutamani. Unasema hukushika kitabu. Utendi huo Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima, na tangu siku hizo wengi walioujua hawakuujua kwa macho bali kwa masikio. Uliandikwa kwa hati za Kiarabu, nakala zikapita mkono kwa mkono, na kila aliyenakili na kila aliyeghani aliacha alama yake humo, ndiyo maana nakala zilizotufikia hazilingani neno kwa neno. Vitabu vya chapa vilivyoandikwa kwa herufi za Kirumi vilikuja baadaye. Kwa hiyo mtu aliyekaa na bibi yake jioni baada ya jioni akausikiliza wote, beti mia moja na kidogo, ameusoma kwa njia ambayo wanawake wa Lamu, Pate na Siyu waliusoma kwa vizazi. Septemba yako imejaa.

Lakini usiandike tu kwamba ulisikiliza utendi ukaishia hapo. Rudi ukae na bibi, ukiwa na kitabu cha chapa mapajani, na kila anapotamka neno lisilokuwamo kitabuni liandike, pamoja na ubeti lilimotokea na tarehe ya siku hiyo. Usimsahihishe. Kitabu kikisema hivi na yeye akasema vile, andika yote mawili. Akiruka ubeti, muulize kwa upole kama aliyemfundisha naye aliuruka, na aliyemfundisha alikuwa nani, na walikuwa wamekaa wapi, na yeye alikuwa na umri gani. Ukimaliza, ukurasa wako wa Septemba utakuwa wenyewe ni nakala ya utendi, nakala ya bibi yako, ambayo haipo katika maktaba yoyote duniani. Nakusisitizia jambo hili kwa sababu mimi sikulifanya. Bibi yangu alikuwa akighani huku akipeta mchele, nami nikadhani atakuwapo siku zote; leo nimebakiwa na ubeti mmoja na sauti ya ungo.

Julai umeitaja kana kwamba unaomba radhi, ati kitabu kimoja tu. Tazama basi ni kitabu gani. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za msalani, na yakachapishwa mwaka 1973. Tungo zilizochukua miaka mitatu kutoka katika chumba cha gereza hazimdai msomaji wake azimalize kwa usiku mbili. Tena lugha yake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na wewe ni mtu wa Kiamu, lahaja ya Lamu. Naamini yako maneno uliyoyatambua kama ndugu, na yako mengine yaliyokusimamisha. Yaandike ya aina zote mbili. Kisha kuna jambo ambalo sijui kama ulilifikiria ulipokuwa ukikiazima: Ngome hiyo ulimokitoa kitabu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Kitabu kilichotoka gerezani ulikichukua katika jengo lililokuwa gereza, ukapita nacho sokoni, ukaenda nacho kwako. Ukiwasomea wenzako sentensi hiyo moja kuhusu Julai, hakuna atakayekuuliza zilikuwa kurasa ngapi.

Sasa nije kwenye kalenda, kwa sababu hapa ndipo hesabu ya mwezi kwa mwezi inapompotosha mtu bila yeye kujua. Umeupanga mwaka wako kwa Januari hadi Desemba, na si kosa, lakini maisha ya kisiwani hayaendi kwa kalenda hiyo peke yake. Wazee wetu walianza kuhesabu miezi Ramadhani inapofunguliwa: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Manahodha nao walikuwa na mwaka wao wa jua ulioanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, wakauhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, wapate kujua pepo zitageuka lini. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Ya 2026 inaanza Februari, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Ukilinganisha Machi hizo mbili utajiona umekuwa hodari ghafla, na Februari utajilaumu bure. Vivyo hivyo Mei. Vitabu vitatu si ushahidi kwamba Mei ulikuwa na bidii kuliko Julai. Mei ni masika, kusi limekwisha kushika, vichochoro vinatiririka maji, na mtu hana pa kwenda. Mvua ilisoma pamoja nawe. Basi chora mstari wa pili kando ya majina ya miezi, uandike humo ilikuwa mfunguo wa ngapi, ulikuwa upepo gani na nyumbani kulikuwa na nini. Bila mstari huo, daftari linakuhukumu bila kukusikiliza.

Kuhusu Qur'ani ya Machi, sioni vyema kuijumlisha na riwaya na diwani. Ulisoma kila siku, na pengine hukusoma mfululizo namna hiyo katika mwezi mwingine wowote. Lakini ile ni ibada, na ibada haiwekwi kwenye mizani dhidi ya vitabu vya binamu. Iandike katika ukurasa wake. Kama kuna sura uliyoisoma safari hii ukaielewa kwa namna ambayo hukuielewa zamani, taja sura hiyo na siku hiyo, kisha nyamaza.

Vitabu vitano usivyovimaliza ni vitu vitano tofauti, na kosa ni kuviita kwa jina moja. Kitabu ulichokiacha kwa sababu mwenyewe alikitaka si sawa na ulichokiacha kwa sababu kilikuchosha, na cha tatu ulichokiacha kwa sababu umeme ulikatika siku mbili ukapoteza hamu nacho si sawa na hivyo viwili. Andika ukurasa uliosimamia na sababu, kwa ukweli. Ningependa uvihesabu vyote, kwa sharti kwamba uandike sababu hizo. Nagona nakupa neno lake mbali. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1990, na wembamba wake umewadanganya wengi kabla yako: hakifuati hadithi ya moja kwa moja ambayo mtu ataishika mkono mwanzo na kuiachilia mwisho, na anayekisubiri kimwambie ni nini kilichotokea atasubiri sana. Umekianza mara tatu. Mtu hakirudii mara tatu kitabu ambacho hakimhusu. Angalia daftari lako: Februari ulisimamia wapi, Agosti wapi, Desemba wapi? Kama kila mara ulifika mbele kidogo, hilo ndilo jambo la kuwaeleza wenzako, na huenda miongoni mwao yuko mmoja ambaye naye kimemshinda. Kisomeni pamoja, ukurasa mmoja mmoja, kwa sauti.

Novemba nitakuuliza swali tu. Umesema vitabu vyako viko katika zidaka za ukuta. Al-Inkishafi, ambayo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19 akiyaangalia majumba ya Pate yaliyokwisha fahari yake, ina mahali panapotaja zidaka kama hizo hizo, zilizokuwa zikipangwa vyombo vya kaure, na sasa ndege wa mwituni wanalea makinda humo. Ulipofika hapo, hukuinua macho ukautazama ukuta wako? Kama uliinua, iandike Novemba kuanzia hapo, uandike na vile vitabu katika leso. Kama hukuinua, kisome tena ukiwa umeketi chumba hicho hicho.

Miezi mingine ipitie upesi. Hakuna anayekulazimisha uipe Aprili na Oktoba maneno sawa na Septemba. Mwezi ambao ulisoma kitabu kizuri na hukikumbuki, sema hukikumbuki; hilo nalo ni jambo la kweli kuhusu kitabu au kuhusu mwezi.

Juni usiijaze. Usitafute makala uliyoiona hospitalini ukaifanya kitabu ili ukurasa usibaki mtupu. Andika tarehe mliyovuka Mokowe mara ya kwanza na tarehe mliyorudi naye mama nyumbani. Na uzi usiubandike, kwa sababu kofia haikushonwa. Siku utakapowasomea wenzako, fika Juni, waonyeshe ukurasa ulivyo, kisha funua Julai. Wataelewa, maana kila mmoja wao ana mwezi wa namna hiyo, na yumkini alikuwa amepanga kuuficha.

Kuhusu binamu, mpongeze. Hamsini na viwili ni kitabu kimoja kila wiki, na kuna furaha ya kweli katika kusoma kwa wingi namna hiyo. Ila mwombe akueleze kimoja tu kati ya hivyo kwa urefu, alikuwa wapi akikisoma na kilimbadilisha nini. Mkishaongea hivyo, nyote wawili mtakuwa mmepata la kuandika.

SWALI

Mimi ni mvuvi wa Malindi. Sisomi vitabu vyangu mwenyewe, lakini tangu Oktoba namsomea binti yangu wa miaka sita hadithi moja hiyo hiyo kila usiku nisipokuwa baharini, kwa sababu hataki nyingine. Mke wangu ameanza daftari la kusoma na ananiambia na mimi niandike. Niiandike mara moja au niihesabu kila usiku?

JIBU

Kitabu kiandike mara moja, ndugu yangu, na chini yake uache nafasi kubwa. Katika nafasi hiyo andika maswali ya mtoto, kila swali na tarehe yake. Anayetaka hadithi ile ile kila usiku anaishika kwa moyo, kama wakubwa walivyoshika tenzi, na alilouliza Oktoba silo atakalouliza Februari. Andika pia usiku uliporuka mstari kwa usingizi naye akakurudisha, maana hapo yeye ndiye aliyekuwa akisoma. Ukiwa baharini, muulize mama yake kama alitaka kusomewa na yeye, au alikusubiri. Na usiku atakaokunyang'anya kitabu akataka ajaribu peke yake, andika ni ukurasa gani aliouanza.