Vitz ya Paje: niinunue?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nimeoneshwa Vitz ya mwaka 2008, injini ya lita 1, mwenyewe anakaa Paje. Rangi inang'aa na kilomita ni 78,000 tu. Niinunue? (Mwalimu, Fuoni)

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu wangu. Injini hiyo ya silinda tatu sina ugomvi nayo. Inatumia cheni, si mkanda wa taimingi, na kutetemeka kidogo gari ikiwa imesimama ni kawaida yake. Kinachonitia wasiwasi ni Paje. Gari inayolala pwani huliwa na chumvi kuanzia chini, na rangi mpya ndiyo inayoficha. Fungua buti, toa tairi la spea, ukwangue pale chini kwa ukucha. Nyanyua na mazulia ya miguuni, umulike kwa tochi. Kutu ya juu husuguliwa. Ikishatoboa ni kuchomelea, na kuchomelea hakuishi.

Kilomita hizo usizitegemee, hurudishwa nyuma. Tazama pedali ya breki: mpira ukiwa umelika, gari imetembea, aseme atakavyo.

Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukiikuta injini ina moto, mwage, rudi kesho. Ikiwa baridi, washa usikilize: cheni iliyolegea hukwaruza mwanzoni kisha ikanyamaza. Moshi wa buluu, inakula oili. Kama gia ni za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ondoka polepole. Ikisita au ikishtuka, shuka. Namba ya chesisi ilingane na kadi, hilo halina mjadala. Na bei usiitaje wewe kwanza.