Muulize sigara ya kwanza anavuta saa ngapi

Miaka yangu ya mwanzo kliniki ya kifua kikuu nilikuwa bingwa wa kugomba. Mgonjwa akikaa tu: "Unavuta?" Akikubali, nampa hotuba ya mapafu mpaka anaanza kuangalia mlango. Wiki inayofuata wote wameshaacha. Mmoja aliniapia kabisa, pakiti imetuna kwenye mfuko wa shati.

Kumbe nilikuwa nawafundisha kunidanganya.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja, fundi baiskeli. Siku hiyo nilikuwa nimechoka kugomba, nikamuuliza tu, "Mzee wangu, sigara ya kwanza unaivuta saa ngapi?"

Akacheka. "Kabla sijanawa uso, mwanangu."

Swali hilo lina kazi yake. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke, nikotini imemshika sawasawa. Kumwambia "jikaze" ni kumwonea. Siku mbili tatu za mwanzo bila sigara ndizo kali: hasira, usingizi kukatika, mikono haijui ishike nini. Mwambie mapema. La sivyo atadhani ugonjwa umerudi, na kitulizo kinauzwa mojamoja pale kibandani.

Nikamwomba anihesabie za siku nzima. Akatoa kiberiti, akapanga njiti mezani: ya kuamka, ya chai, mbili za kusubiri wateja, nne za kwenye bao jioni. "Ipi haitakusumbua ukiiacha?" Za wateja akaziondoa papo hapo. Ya kuamka akaigusa, akairudisha.

Tukaanzia za wateja. Siku ya kuacha kabisa tukaipanga wiki mbili mbele, asubuhi ya kuja kuchukua dawa, ili nimwone siku ileile. Hapo sisi wa kifua kikuu tuna bahati: matibabu ni miezi sita, mgonjwa anarudi tu. Wewe wa OPD, kliniki ya wagonjwa wa nje, mwenye foleni hadi barazani, dakika tatu zinatosha: uliza, shauri, andika kwenye faili ili atakayempokea tena aulizie.

Jojo na plasta za nikotini, za kutuliza hamu ya sigara, Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Stoo yetu sijawahi kuziona. Mgonjwa akizipata famasi, mfundishe: jojo anaitafuna taratibu hadi ukali utoke, kisha anaibana shavuni. Akiitafuna mfululizo kama bigijii, nikotini inaishia tumboni na kwikwi juu.

Mwezi wa pili ndio wa kuuchunga. Kikohozi kimepungua, mwili umerudi, mtu anajiona mzima. Mzee wangu aliteleza mwezi huohuo, na alinieleza mwenyewe kabla sijauliza chochote.

"Saa ngapi?" nikamuuliza.

"Usiku, msibani. Wote tuliokaa nje tulikuwa tunavuta."

Basi siku hiyo mapafu hatukuyagusa. Tulizungumza misiba: akikesha akae na nani, na kiberiti abaki nacho nani nyumbani.