Tope jeusi la mikoko na chuma kilichomo ndani ya bakteria

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya maabara, nakaa Mikindani, Mombasa. Tulichota tope kwenye mikoko kando ya hori ya Tudor, maji yalipokupwa. Lilikuwa jeusi tii na lilinuka mayai viza, lakini baada ya kuachwa wazi kwenye beseni, uso wake uligeuka rangi ya kutu. Mwalimu alitwambia kuwa bakteria wa humo hutumia vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vyenye chuma na nikeli, na kwamba hewa huviharibu. Chuma hufanya kazi gani ndani ya kimeng'enya, na kwa nini hewa iwe adui yake?

JIBU: Marahaba. Weusi uliouona ni salfidi ya chuma. Bakteria kama Desulfovibrio, kwa kukosa oksijeni, hupumua kwa kutumia salfeti ya maji ya bahari na kuigeuza kuwa hidrojeni salfidi, ambayo ndiyo harufu ya yai viza, nayo hukamatana na chuma kilichomo topeni. Ulipoliacha tope wazi, oksijeni iliinyang'anya salfidi hiyo elektroni zake, kikabaki kutu. Lishike tukio hilo, kwa sababu ndani ya vimeng'enya unavyoviuliza mna chembe ndogo mno za chuma na salfa, na hewa huzitenda vivyo hivyo.

Mara nyingi chembe hiyo ni fundo la atomu nne za chuma na nne za salfa, zilizopokezana kwenye pembe za mchemraba, na protini hulishikilia kwa asidi amino iitwayo sisteini. Kazi ya chuma hapo ni kupokea elektroni moja, kukaa nayo, kisha kuitoa, bila fundo kuvunjika. Minyororo ya protini peke yake hailiwezi jambo hilo. Mafundo kadhaa yakipangwa karibu karibu, elektroni huruka kutoka moja hadi jingine kama mtu avukaye tope kwa kukanyaga mawe. Protini ndogo ya namna hii, feredoksini, ilitambuliwa mwaka 1962 katika bakteria Clostridium pasteurianum, ambaye huishi pasipo hewa.

Bakteria anayechachua sukari pasipo oksijeni hubaki na elektroni asizo na pa kuzipeleka. Wengi huzitua kwenye kimeng'enya kiitwacho hidrojenasi, kinachounganisha elektroni mbili na protoni mbili kuwa gesi ya hidrojeni. Kitovu chake huwa na atomu mbili za chuma, au moja ya chuma na moja ya nikeli. Jambo hili hunistaajabisha kila ninapolifundisha: chuma cha kitovu hicho kimeshikamana na monoksidi ya kaboni na sianidi, sumu mbili zinazoua watu, ambazo bakteria huziunda mwenyewe kwa kipimo, kwani ndizo zinazokiweka chuma katika hali ya kuweza kuishika hidrojeni na kuiachia.

Nikeli ni maarufu zaidi katika utengenezaji wa methani, ingawa watengenezaji wake si bakteria bali ni arkea, viumbe wa seli moja wa kundi jingine, na tofauti hiyo usiipuuze kwenye mtihani. Kimeng'enya chao hufanya kazi pale tu nikeli inapokuwa na chaji moja chanya, hali ambayo oksijeni kidogo tu huiondoa.

Sasa hewa. Mafundo haya yameumbwa kutoa elektroni kwa wepesi mkubwa, na oksijeni ina uchu wa elektroni kuliko karibu kila kitu kilicho karibu nayo. Ikifika, huzipokonya, fundo hupoteza atomu ya chuma na kusambaratika, na oksijeni yenyewe hugeuka supaoksidi, yaani oksijeni yenye elektroni ya ziada, inayoendeleza uharibifu. Hidrojenasi za chuma kitupu kwa kawaida haziponi, ilhali nyingi zenye nikeli husimama tu, zikaweza kuamshwa tena hewa ikiondolewa. Wepesi huo huo ndio unaotumiwa na metronidazoli, dawa uijuayo: huwa sumu pale inapopewa elektroni na feredoksini, ndiyo maana huua bakteria wasiotumia hewa na kuziacha seli zetu.

Mkirudi horini kutafuta vimeng'enya hivi vikiwa hai, chukueni tope la chini, si la juu, mjaze chupa hadi mdomoni pasibaki pengo la hewa, mfunge papo hapo, na mifuniko isifunguliwe maabarani ila ndani ya kisanduku kilichojazwa nitrojeni.