Watafiti wamekua nyaya?

SWALI: Katika makala ya sayansi nimekuta sentensi hii: "Watafiti wamekua nyaya za aloi ndani ya mirija ya kaboni." Je, ni kukua, kukuza au kuotesha?

JIBU: Maskini watafiti! Waliingia maabara wakiwa watu, wakatoka nyaya. Wasiotofautisha "kua" na "kuwa", nao ni jeshi, ndivyo watakavyoisoma sentensi hiyo, na sitawalaumu.

"Kua" hakipokei yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Mtoto hukua, anayemlea humkuza, kama lia na liza, jaa na jaza. (Zamani shina lilikuwa "kula", na Kichewa bado kinayo l hiyo. Kwetu ilidondoka, ikaacha z kwenye "kuza".) Kiingereza hutumia kitenzi kimoja, "grow", kwa kazi zote mbili, na hapo ndipo wafasiri wavivu hujikwaa. Ndiyo asili ya lile tangazo linaloninyima usingizi: "Kua biashara yako!" Nikue mara ngapi? Nimeshaota mvi. Mwenzake ni "tunakua wateja wetu", kana kwamba kampuni nzima inabalehe. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akifika bombani hajai ndoo, huijaza, wala hajawahi kulia mtoto wa jirani.

Basi "wamekuza nyaya" ni sahihi. Ila mimi nachagua "wameotesha". Hukuzwa kilichopo, na nyaya hizi hazikuwapo. Mvuke wa misombo ya kemikali yenye chuma, nikeli au kobalti hupitishwa katika tanuri la nyuzi joto 800 au zaidi. Misombo huvunjika, metali hujikusanya kuwa vichembe, kaboni hujipanga kuvizunguka ikawa mrija, na aloi, yaani mchanganyiko wa metali hizo, hubaki imebanwa humo, imekingwa dhidi ya kutu. Mrija wenyewe huwa na upana wa makumi ya nanomita tu. Unywele una kama 80,000. Kitu kimetokea pasipo kitu: hiyo ndiyo maana ya kuota, na fuwele tunaziotesha siku zote. Atakayenikumbusha kwamba kuota ni ndoto, au ni moto, ajue kwamba la moto nalo limo tanurini.

"Nyaya" ziacheni. Waya tumeupokea kutoka Kiingereza, tukaupa wingi wa wavu na nyavu, na umetulia. Hata "ndani ya", ambayo kwa kawaida mimi huifukuza kwa fimbo kila inapotajwa "ndani ya mkutano" na "ndani ya mwezi", safari hii naipisha. Angalau hapa pana ndani.