Kukwanguliwa fizi ukiwa na kisukari na figo zinazoyumba: yaliyonikuta mimi

Ndugu, umeuliza kama mama yako, mwenye kisukari na protini kwenye mkojo, akubali kukwanguliwa fizi kama daktari wa meno alivyoshauri, maana nyumbani wanasema mwenye figo dhaifu asiguswe mdomoni. Mimi nina kisukari aina ya 2, mwaka wa 14 sasa. Maneno hayo hayo niliambiwa, nikayaamini, na nikakaa na fizi mbovu miaka miwili bila sababu.

Miaka hiyo nilikuwa natema mate yenye damu kila asubuhi nikidhani tatizo ni mswaki mgumu. Sikusikia maumivu, na huo ndio ubaya wa ugonjwa huu. Nilikuja kustuka jino la nyuma lilipoanza kucheza. Daktari akapima kwa kile kijiti chembamba chenye alama za milimita: kwenye fizi yenye afya hakizami zaidi ya milimita 3 hivi. Kwangu, nyuma huko, kilizama 6, na sehemu mbili 7.

Alivyonieleza ndivyo nilivyoelewa hatimaye. Ndani ya mifuko ile kati ya fizi na jino, kijiti kilipozama, kuna kidonda ambacho hukioni, kimejaa bakteria, na mwili unapambana nacho usiku na mchana. Kemikali za mapambano hayo zinaingia kwenye damu na kuifanya insulini ishindwe kazi, sukari inapanda. Sukari ikipanda inaumiza mishipa midogo ya damu, na figo ni chujio lililosukwa kwa mishipa midogo mitupu. Chujio likilegea, protini inapita. Na sukari hiyo hiyo inarudi kuzidhoofisha fizi. Huko Arizona, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi watu wa jamii ya Pima, wenyeji asilia wa huko, wenye kisukari aina ya 2, na wale wenye fizi mbovu zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufikia hatua ya figo kushindwa kabisa. Hilo halithibitishi kwamba fizi ndizo ziliziharibu figo, lakini mimi lilinitosha kuacha kuahirisha.

Kukwanguliwa kwenyewe kusimtishe mama. Unapigwa ganzi, ugaga unaondolewa juu na chini ya fizi mpaka kwenye mzizi. Kwangu zilikuwa awamu nne, robo ya mdomo kila mara. Aende asubuhi, awe amekula na ametumia dawa zake kama kawaida, asije akashukiwa na sukari akiwa kwenye kiti. Meno yatasisimka kwa vitu vya baridi kwa muda, na yataonekana marefu kwa sababu uvimbe umeondoka. Hilo la urefu lilinisumbua sana, hakuna aliyenitahadharisha.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoumia. Baada ya awamu ya kwanza niliandikiwa diklofenaki ya maumivu. Sikuulizwa kuhusu figo, nami sikusema. Nilimeza siku tano, na kipimo kilichofuata kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ilikuwa imepanda. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwamo, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Awamu zilizofuata nilitumia parasetamoli, ikatosha. Kwa hiyo hofu ya nyumbani kwenu ina chembe ya ukweli, ila wameielekeza pasipo: cha kuogopa ni vidonge vya baadaye, si kukwanguliwa. Hata antibayotiki, kama zitahitajika, baadhi yake dozi inapimwa kulingana na hali ya figo.

Jingine: kama mama anatumia amlodipini ya presha, amwambie daktari. Kwa baadhi ya watu inanenepesha fizi zikaanza kufunika meno. Asiiache mwenyewe, presha iliyoachiwa inaziua figo haraka kuliko fizi zozote.

Matokeo? Sukari yangu ya miezi mitatu (kipimo cha HbA1c) ilitoka asilimia 8.9 ikafika 8.4. Tafiti nyingi zikijumlishwa, wastani wa kushuka kwa kipimo hicho ni karibu pointi 0.4 za asilimia, miezi mitatu hadi minne baada ya tiba, hivyo sikupata muujiza. Albumini, ile protini kwenye mkojo, nayo ilipungua, lakini kipindi hicho nilikuwa nimebadilishiwa dawa ya presha, na siwezi kuzipa fizi sifa yote. Anayekuambia kusafisha meno kunaponya figo anakudanganya. Dawa za figo na presha zinaendelea pale pale.

Mimi narudi kukaguliwa kila miezi mitatu, na kila usiku napitisha vibrashi vidogo katikati ya meno, maana mswaki haufiki huko. Mama yako akienda, abebe karatasi ya vipimo vya karibuni vya figo na orodha ya dawa zake zote, amkabidhi daktari wa meno kabla hajafungua mdomo.